Pumzi za Mtu wa Mkiani

Kwa miaka sita kazi yangu Bur Dubai ilikuwa kuosha sauti za watu. Duka lenyewe lilikuwa uchochoroni, nyuma ya maduka ya vitambaa, jembamba kiasi kwamba nikinyoosha mikono naweza kugusa kuta zote mbili. Watu walituletea kaseti za harusi, mawaidha, mikanda ya video ya watoto waliokwisha kuwa na watoto wao, nasi tukavihamishia kwenye kompyuta, tukatoa mikwaruzo, tukawapa kwenye sidii. Mwenye duka alikuwa Mhindi wa makamo. Nilimwita arbab, kama kila mfanyakazi wa mji ule anavyomwita mwenye mali. Yeye mwenyewe hakusikiliza chochote kati ya vyote tulivyoletewa. Alichojali ni nafasi kwenye kompyuta, maana diski za wakati ule zilikuwa ndogo na zilijaa upesi. Basi kila Alhamisi baada ya alasiri alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, nami nikafuta mafaili yote ghafi, yaani sauti kama ilivyotoka kwenye kaseti kabla sijaigusa, ya kila mteja ambaye sidii yake ilikuwa tayari. Nikimaliza alisema khalas, yaani basi, imekwisha, akaenda kunywa chai yake.

Nami nilikuwa hodari, sitajifanya mnyonge. Nilianzia Mombasa kwa fundi redio aliyekuwa akinipiga kofi nikiunga waya vibaya, na nilipofika Dubai mikono ilikuwa imekwisha kuwa na akili zake. Feni la dari likipiga kelele juu ya bwana harusi, nililitoa. Honi ya gari, mtoto anayelia nyuma ya kadhi, mtu anayekohoa katikati ya dua, vyote nilivitoa. Wateja walikuwa wakimwambia arbab, mpe yule Mkenya. Nilijiona sana kwa ajili hiyo, na huko kujiona ndiko kulikonifikisha kwenye haya.

Mtu wa kwanza kunilalamikia alikuwa mama yangu. Baba alikuwa baharia, na zama zake barua ilikuwa kaseti. Alikaa na redio yake kwenye kitanda cha melini, akabonyeza, akaongea upande mzima, kisha akampa mtu anayerudi nyumbani. Sisi tulikusanyika sebuleni kumsikiliza, na mama alikuwa akimjibu kama kwamba yumo ndani ya ile redio. Baba alipofariki zilibaki kaseti tatu. Likizo moja nilichukua moja nikaja nayo Dubai, nikaiosha wiki nzima, nikampelekea mama sidii pamoja na kaseti yenyewe kwa mkono wa mtu. Nilikaa nikisubiri kushukuriwa. Akanipigia simu akaniambia, "Umemwosha baba yako mpaka simjui. Kikohozi chake kiko wapi?" Nikakasirika. Nikamwambia hivi ndivyo kazi inavyofanywa siku hizi, na kwamba watu wanakuja kutoka Sharjah kwa ajili ya kazi yangu. Akanijibu haya baba, kwa ile sauti ambayo akina mama wa kwetu huitumia kumaliza maneno na mtoto mbishi.

Bibi mmoja alikuja dukani mwezi wa nane, jua la saa sita juu ya kichwa, dereva akimshika mkono. Alikuwa mzungu wa miaka sabini na kitu, mkavu, amevaa viatu vya mpira vya kufanyia kazi bustanini. Mtu alikuwa amemwambia kuna Mkenya kwenye duka hili, na ndiyo sababu alinijia mimi akayaacha maduka makubwa yenye kiyoyozi cha kutosha. Aliletwa Kenya akiwa msichana, baada ya vita vile vikubwa vya dunia, akaishi shambani upande wa Nakuru karibu miaka hamsini. Mumewe alipokufa, mwanawe alimchukua akamleta Dubai alikofanya kazi.

Alinisemesha Kiswahili. Nacho kilikuwa kile cha kumwamrisha mpishi, kisicho na tafadhali wala samahani, kila kitu iko, kila mtu iko. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimelelewa na bibi zangu ambao ukitamka neno vibaya wanakusimamisha mlangoni ulirudie. Niseme kweli, nilimchukia palepale. Nilimjibu Kiingereza, nikamwita madam kama tunavyowaita wote huko. Akaendelea na Kiswahili chake kama hakusikia. Baadaye nikajua ni kweli hakusikia.

Alifungua foronya ya mto akatoa sahani ya santuri. Haikuwa ya plastiki kama santuri za kawaida, ilikuwa bati jepesi lililopakwa vanishi nyeusi, na ile vanishi ilikuwa imepasukapasuka na kuinuka ukingoni. Akanieleza historia yake, nusu kwa Kiswahili chake, nusu kwa Kiingereza. Wakati wa vita, mtu wa redio alipanda ndege ya mabomu pamoja na mashine ya kuchonga santuri. Alikwenda na wale askari mpaka kwenye mji waliotumwa kuupiga, akarudi nao, na njia nzima mashine ilikuwa ikinasa yale waliyokuwa wakiambiana kwenye waya wa kuzungumzia. Nchi nzima iliwasikia kwenye redio. Wiki chache baadaye ndege ile ilitoka tena na haikurudi, na wale watu wa redio wakachonga nakala wakampa mama wa kila askari. Hii ilikuwa ya mama yake. Kaka yake alikuwa ndani ya ndege ile.

Sikio lake la kulia lilikuwa limekwisha kufa, na daktari alimwambia la kushoto limebakiwa na miezi michache. Santuri ile alikuwa hajaicheza tangu mama yake afariki, kwa kuogopa kuiharibu. Sasa hakuwa na muda wa kuogopa tena. "Mimi nataka sikia yeye mara moja," akaniambia. "Halafu sikio ife."

Niliigeuza ile sahani kwenye mwanga. Nikamwambia ukweli, kwamba itacheza mara moja tu, maana sindano itapita huku ikiibandua ile vanishi. Aliitazama kwa muda, akanisukumia. Mimi huku nikiandika kwenye daftari nilikuwa nikimfikiria babu yangu, aliyepelekwa Burma katika vita hivyohivyo akarudi na mguu mbovu, wala hakuna redio iliyompelekea maikrofoni. Nadhani ndiyo maana sikumuuliza kitu ambacho fundi yeyote angeuliza. Sikumuuliza kaka yake ni yupi kati ya wanaozungumza.

Maduka ya kule hufungwa saa saba mchana mpaka saa kumi. Arbab alikwenda kwake kulala, nikashusha mlango wa bati, nikavaa hedfoni, nikaweka sindano.

Kwanza ulikuja mkwaruzo, na nyuma yake mngurumo wa injini nne, mzito, usiopanda wala kushuka. Halafu watu. Walikuwa wakizungumza kwa utulivu, kama watu wanaoteremsha kabati kwenye ngazi: shika hapo, polepole, upande wako. Rubani aliwaita mmoja mmoja, kila mmoja akaitikia. Mtu wa redio alikuwa akieleza taa anazoziona chini na moto unaopanda kuwafuata. Nami nikiwa natazama mistari ya sauti kwenye kompyuta nikasikia mtu anapumua nyuma ya kiti changu.

Nilivua hedfoni nikageuka. Mlango ulikuwa umefungwa, na jua lilikuwa likipenya kwenye matundu ya bati. Hapakuwa na mtu, wala hapakuwa na nafasi ya mtu kusimama. Nikavaa tena. Akapumua. Ndani, nje, kwa karibu sana, na kulikuwa na unyevu katika ile pumzi, kama ya mtu mwenye barakoa mdomoni. Nikaelewa kwamba mmoja wao ameacha maikrofoni yake wazi. Rubani naye alielewa, maana alisema kuna mtu ameacha kifaa chake wazi, akizime. Kikasikika kidoko cha swichi na ile pumzi ikatoweka. Kwa kama dakika moja ilibaki injini peke yake. Halafu kidoko tena, na pumzi ikarudi. Safari hii hakuna aliyesema kitu.

Karibu na mwisho rubani aliuliza, "Huko nyuma, uko sawa?"

Hakuna aliyejibu. Pumzi ilisimama. Ilisimama kwa muda hata nami nikajikuta nimeibana yangu. Kisha zikaja tatu fupifupi. Rubani akasema, "Vizuri," wakaendelea na safari yao. Nywele za mikono zilinisimama, na joto la duka lile siku hiyo lilikuwa la kupikia. Sahani ilipokwisha, meza yangu ilikuwa imejaa vipande vyeusi vya vanishi, nikavipangusa kwa kiganja.

Nilimwosha kwa siku tatu. Programu tuliyokuwa nayo ilihitaji kufundishwa uchafu: unaichagulia kipande chenye kelele tupu, unaiambia hiki ni taka, nayo inakitoa mahali pote. Nilichagua ile dakika ya injini peke yake, nikaihifadhi pembeni kwenye faili lake. Injini ikatoka. Lakini pumzi haikutoka, kwa kuwa pumzi haifanani na taka kwa programu. Hiyo niliikata kwa mkono, moja baada ya nyingine, kama mtu anayechagua mchele.

Ningeweza kusema nilifanya hivyo kwa sababu ya ufundi, na kwa arbab nilisema hivyo. Ukweli ni kwamba yule mwenye kupumua aliniogopesha. Kila adhuhuri nikishusha ule mlango nilihisi kuna mtu ameketi kinyume na mimi, mgongo wake kwenye mgongo wangu, anatazama kule nisikokutazama. Nilisoma nilichofunzwa madrasani, nikaendelea kukata. Nilitaka aondoke dukani kwangu.

Siku ya tatu aliondoka. Nilipoicheza yote, sauti zilitoka safi hata ungedhani wale watu wapo kwenye sofa yako. Mahali pamoja tu palinikera. Rubani anauliza, huko nyuma, uko sawa, halafu kimya, kile kimya cha kompyuta kisicho na hata hewa, halafu anasema vizuri. Anamwambia hewa vizuri. Nililirudia lile jambo mara mbili, halikunipendeza, nikakifupisha kile kimya kisimkere mteja. Sidii ikatoka ingali na moto. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Arbab akaja akasimama nyuma yangu, nikafuta, akasema khalas.

Jumamosi yule bibi alifika mapema. Nilimpisha kwenye kiti changu, nikamvalisha hedfoni upande wa kushoto, nikapandisha sauti. Alifumba macho. Akaweka kidole cha shahada mezani na kuanza kukigonga taratibu, na mimi nilidhani ni mtetemo wa wazee. Baada ya muda kidole kikapunguza. Kikawa kinainuka, kinangoja, kinashuka bila hakika, kama mtu anayetafuta ngazi gizani. Rubani aliuliza lile swali lake, nikaliona kwenye mistari ya kompyuta, na yule bibi akafumbua macho.

"Yeye iko wapi?"

Sikuelewa. Nikamwonyesha kidole kwenye kioo, ni yupi madam, huyu anayesema habari za taa? Akatikisa kichwa. Ndipo akaacha Kiswahili, akanieleza kwa Kiingereza polepole kama anayemfahamisha mtoto. Kaka yake alikuwa mpiga bunduki wa mkiani. Alikaa peke yake ndani ya kibanda cha kioo mwishoni kabisa mwa ndege, mgongo kwa wenzake, akitazama walikotoka. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Katika santuri nzima hasemi hata neno moja. Anapumua tu. Mama yao alikuwa akiicheza siku yake ya kuzaliwa, mara moja kwa mwaka, na wote mezani walihesabu zile pumzi kwa kidole. Rubani anapouliza, alisema, yeye hajibu kwa sababu redio inanasa, na aliogopa mama asije akaisikia sauti yake inavyotetemeka. Hivyo ndivyo mama alivyosema siku zote.

Nilikuwa nimesimama na nikashika meza. Na yule bibi akatoa sikioni kifaa chake kidogo cha kusaidia kusikia, akakipangusa kwa leso, akakitia mkobani kama mtu aliyemaliza kazi nacho. Kule kukitia mkobani ndiko kulikonimaliza. Nikamwandikia kwenye karatasi kwamba asiwe na wasiwasi, ninayo nakala nyingine nyumbani, nzuri zaidi, nitamletea mwenyewe Jumanne, inshallah. Niliandika inshallah juu ya uongo, Mungu anisamehe.

Adhuhuri ile niliiweka sahani tena. Sindano ilizunguka mara moja na nusu, ikainua utepe mrefu mweusi, ikaburuta bati tupu. Nikatafuta kwenye kompyuta lile faili ghafi. Harusi mbili za Ijumaa zilikuwa zimekwisha kuandikwa juu ya nafasi yake. Sikuwa na pengine pa kutafuta.

Jioni nilimpigia mama. Nilimuuliza kama ile kaseti ya baba bado anayo. Akasema anayo, imo kabatini ndani ya kanga, kwani nilidhani angeitupa akabaki na hicho changu? Nikasema la, nauliza tu. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia joto.

Kitu kimoja tu cha safari ile kilibaki hai kwenye kompyuta, ile dakika ya injini niliyoihifadhi kwa kuifundishia programu. Fikiria hapo. Katika yote niliyopewa, nilikuwa nimetunza ile dakika moja ambayo yeye amezima maikrofoni. Niliinakili, nikaziunga mwisho kwa mwanzo mpaka zikatosha urefu wote, nikawarudisha wale watu wazungumze juu yake kama mwanzo. Sasa ilibaki nafasi ya mmoja.

Siku ya Jumatatu nilishusha mlango, nikazima kiyoyozi ili kisinaswe, nikachukua kikombe cha plastiki nikakitoboa nikapitisha maikrofoni ndani yake. Nikakishikilia mdomoni na puani. Nikageuza kiti nikaipa meza mgongo, nikitazama bati la mlango, nikaanza kupumua.

Mwanzoni niliigiza. Nilijua mahali moto unapopanda, nikapumua haraka, mahali pa utulivu nikapumua polepole. Lakini jasho lilinitiririka mpaka machoni, hewa ya ndani ya kile kikombe ikawa ni hiyohiyo yangu inayonirudia, na mngurumo masikioni hauna mlango wa kutokea. Sauti za wale watu zilikuwa nyuma yangu, mbali, zikishughulika na mambo yao. Hakuna aliyenitazama. Nikaanza kuogopa, na sikujua naogopa nini, ila nilijua kwamba chochote kitakachokuja kitanifikia mimi kwanza. Rubani aliposema, "Huko nyuma, uko sawa?" nilifungua mdomo nimjibu, wallahi. Nikajizuia, nikavuta pumzi ndefu nikaitoa.

Ilipokwisha nilibana pumzi, nikanyoosha mkono nyuma kuzima. Masikioni iliendelea. Ndani, nje, ndani. Kompyuta za siku zile zilichelewesha sauti, hilo nalijua kuliko wengi. Lakini nilikuwa nimebana kwa muda mrefu kupita kuchelewa huko. Nilizing'oa zile hedfoni na kufungua mlango saa tisa, kabla ya wakati, nikasimama uchochoroni katika jua na kikombe mkononi, na mwuza vitambaa wa jirani akaniuliza kama naumwa.

Jumanne dereva alikuja kunichukua. Mwanawe yule bibi alikuwa na nyumba mtaa wa Marina, ghorofa ya juu kabisa ya jengo jipya ambalo korido zake bado zilinuka rangi na milango mingi bado ilikuwa imefunikwa nailoni. Nje kulikuwa na kreni kila upande. Alinifungulia mwenyewe. Alikuwa amevaa gauni zuri la buluu na amepaka poda, na nilipoliona lile gauni nilitamani niteremke kwa ngazi.

Aliketi kwenye meza ya chakula. Nikaweka sidii, nikamvalisha hedfoni. Kidole kikaanza kugonga, na safari hii kilipata cha kugongea. Uso wake ukalegea. Nikaona midomo yake ikifunguka kidogo na kupumua pamoja nami, pamoja naye, sijui niseme vipi. Nilifurahi, nakiri hivyo. Nikawaza, yamekwisha, amempata, na mimi nimeokoka. Na wakati huohuo nilijisikia kinyaa, kama mtu aliyeingia kwenye kitanda cha maiti akajifunika shuka yake.

Rubani akauliza. Kidole kikainuka juu, kikangoja. Pumzi yangu ikaja, ndefu, moja. Kidole hakikushuka.

Alisikiliza mpaka mwisho hata hivyo, kidole kikiwa hewani. Kisha akavua hedfoni, akaziweka juu ya kitambaa cha meza, akazinyoosha waya.

"Hii si yeye," akasema. "Ni nani?"

Zilikuwepo njia za kuendelea na uongo. Ningeweza kusema santuri imechakaa, masikio yake yamechoka, miaka imepita. Nilikuwa nazo zote ulimini.

"Ni mimi, madam."

Nikamweleza yote kwa sauti kubwa ili anisikie, na ni vigumu sana kukiri kosa kwa kupiga kelele. Nilimweleza Alhamisi na khalas, kukata kwa mkono, kikombe cha plastiki. Nilimwambia pia kwamba nilimkata kaka yake kwa sababu nilimwogopa. Yeye alikuwa amenigeuzia sikio la kushoto, kwa hiyo sikuuona uso wake. Nilisubiri kufukuzwa. Nilisubiri amwite mwanawe, mwanawe ampigie arbab, arbab aifute viza yangu, na katika kusubiri huko niligundua sikuwa nikiyahesabu hayo. Nilichotaka ni ageuze uso.

Akageuka. "Wewe iko ogopa, saa ile napumua?"

Nikasema ndiyo, niliogopa. Akauliza nini. Nikafikiri kwanza, maana lilikuwa swali la kweli. Nikamwambia nilijiona nimeachwa nyuma peke yangu, wenzangu wanaongea, hakuna wa kunitazama. Akaitikia kwa kichwa, mara mbili.

Kisha akakitoa kifaa chake sikioni akakiweka mezani. Akaburuta kiti mpaka dirishani, akakielekeza kwenye kioo, akanionyesha nikae. Nikakaa. Nikasikia kiti cha pili kinaburutwa nyuma yangu. Nje ukungu wa joto ulikuwa umemeza ardhi yote, na majengo yalianzia katikati, hayana miguu. Ukitazama kwa muda ulihisi jengo letu ndilo linalokwenda, na yote yale yanabaki.

Kiganja chake kilikaa katikati ya mabega yangu. Kilikuwa kikavu na chepesi. Nikaelewa ninachotakiwa, nikapumua. Kidole chake cha shahada kikaanza kugonga kwenye uti wa mgongo wangu, ndani, nje. Sijui tulikaa muda gani. Nakumbuka kreni moja ilizunguka polepole mpaka ikatazama upande mwingine. Nakumbuka nilimfikiria baba kwenye kitanda chake cha melini, na kile kikohozi.

Nyuma yangu akasema, kwa sauti kubwa ya watu wasiojisikia wenyewe, "Wewe huko nyuma, iko sawa?"

Kidole kiliinuka, kikangoja. Nilibana pumzi. Kisha nikazitoa tatu, fupifupi.

"Vizuri," akasema, na kidole kikashuka.